Chimay ya bluu: ladha ya bia ya wamonaki wa Ubelgiji, na undugu wake na Mokoto

Chupa ni ndogo. Sentilita 33 tu, haifiki hata nusu ya Primus kubwa ya sentilita 72. Mtu aliyezoea nganda za Goma, Bukavu ao Bunia akiwekewa hii mbele yake, kitu cha kwanza anafanya ni kucheka: eti hii ndiyo bia wanayoisifu hivi? Akimaliza ya pili, kicheko kinapungua.

Hesabu yake ni rahisi. Primus iko na alcool ya asilimia 5. Chimay ya bluu iko na asilimia 9. Ndani ya ile chupa ndogo mna karibu sentilita 3 za alcool safi. Ndani ya Primus kubwa mna 3.6. Kwa hiyo mwenye kunywa chupa mbili ndogo za Chimay amekunywa maji kidogo kuliko mwenye Primus moja, lakini alcool aliyobeba ni ya Primus moja na nusu na zaidi. Hilo lijulikane kwanza, mbele ya kusema habari ya utamu, hasa kwa mwenye kuendesha moto usiku.

Bia hiyo inapikwa ku abasia ya Notre-Dame de Scourmont, karibu na mji mdogo wa Chimay, kusini mwa Ubelgiji, pembeni ya mpaka wa Ufaransa. Wenye nyumba ni wamonaki Watrapisti, wale wanaoishi kwa sala, kazi ya mikono na kimya. Wanapika bia tangu 1862. Ziko za rangi mbalimbali: nyekundu ya asilimia 7, nyeupe ya asilimia 8 iliyoanza 1966, na ile ya dhahabu, nyepesi, ya asilimia 4.8. Lakini ile inayotajwa sana, ile watu wananunua na kuficha chini ya kitanda kusubiri sikukuu, ni ya bluu. Mwanzoni ilikuwa bia ya Noeli.

Sasa inaonja namna gani?

Inamiminwa polepole, ndani ya glasi pana yenye mguu, inayofanana kidogo na kalisi ya misa. Si mapambo tu: mdomo mpana wa glasi unaacha harufu itoke. Rangi yake ni kahawia nzito. Ukiinua glasi mbele ya mwanga wa dirisha, unaona wekundu ndani, sawa chai kali isiyo na maziwa. Povu inapanda juu, nzito, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, na haikimbii. Mtu anaweza kukunywa nusu ya glasi na povu bado imeshika pembeni.

Harufu ndiyo kazi kubwa. Wanaojua kuonja hawaharakishi kukunywa. Wanaweka pua kwanza. Inayotangulia ni sukari iliyoungua kwenye sufuria, ile wanaita karameli. Nyuma yake kuna matunda yaliyokaushwa: zabibu kavu, tini. Halafu mkate mweusi uliotoka sasa hivi kwenye furu. Mwishoni, kama bia haiko baridi sana, inatokea harufu ya viungo, karafuu na pilipili manga, kwa mbali sana, na wengine wanasema wanasikia hata ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Kwenye ulimi, mwanzo ni utamu wa nafaka, lakini si utamu wa Fanta. Gesi yake ni ndogondogo na laini, haichomi. Katikati ile ladha ya zabibu na karameli inarudi, safari hii na kitu kama ganda la mkate lililoungua. Halafu, pale mtu anafikiri imekwisha, kifua kinapata joto. Ni alcool inajitangaza. Na kwa kumalizia kinywa kinakauka, na uchungu kidogo unabaki nyuma ya ulimi, si mwingi, wa kutosha tu kuita kidomo kingine.

Hapo ndipo penye hatari yake. Bia ya asilimia 9 ilipaswa kuwa nzito kama uji, na mtu angesikia uzito akajizuia. Hii haiko hivyo. Wapikaji wanaongeza sukari wakati wa kupika, na hamira inaila sukari hiyo karibu yote. Inageuka alcool na gesi, haibaki kama utamu wala uzito. Ndiyo maana bia kali inapita kwa koo kama bia ya kawaida.

Baridi nayo inabadili kila kitu. Ukiitoa ndani ya frigo na kuikunywa hapohapo, sawa vile watu wanapenda Primus «ya kuganda», utasikia uchungu na gesi, basi. Ni kutupa pesa. Inapendeza zaidi ikiwa kwenye digri 10 mpaka 12, ni kusema imetoka kwenye frigo na kukaa mezani dakika kadhaa. Kadiri inavyopata joto kidogo mkononi, ndivyo harufu zinafunguka moja baada ya nyingine. Kidomo cha kwanza na cha mwisho cha glasi moja havifanani.

Msomaji atauliza: hizo zabibu, karafuu na ndizi, wanazitia saa ngapi? Hawazitii. Ndani ya pipa mna maji ya kisima cha abasia, shayiri iliyooteshwa na kukaushwa (sawa vile wamama wa vijijini wanaotesha mtama mbele ya kuusaga), ngano, sukari, yale maua machungu ya houblon, na hamira. Rangi na karameli zinatoka kwa nafaka iliyochomwa. Lakini harufu za matunda na viungo, karibu zote, ni kazi ya hamira.

Mwenye kujua kasiksi ataelewa upesi. Ndizi mbivu zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku chache kinywaji kinachemka chenyewe, bila moto. Kinachochemsha ni hamira za porini: ziko kwenye mtama, kwenye ndizi, hata kwenye chombo ambacho hakijaoshwa kwa sabuni kwa sababu bibi alikataza. Kila nyumba iko na ladha yake, na hata nyumba moja, kasiksi ya wiki hii haiko sawa na ya wiki iliyopita. Na ikipita siku kadhaa inakuwa chachu, inamwagwa.

Wamonaki wa Scourmont walijua shida hiyo. Baada ya vita ya pili ya dunia walihitaji kusimamisha upya kazi yao ya bia. Mmonaki mmoja, Père Théodore, akasaidiwa na Jean De Clerck, mwalimu mkubwa wa sayansi ya bia kwenye Chuo Kikuu cha Louvain (chuo kilekile ambacho mwaka wa 1954 kilizaa Lovanium ya Kinshasa). Mnamo 1948 Père Théodore alifaulu kutenga aina moja ya hamira kutoka katika mchanganyiko, akaikuza peke yake. Mpaka leo Chimay inapikwa kwa wazao wa hamira ile. De Clerck alipofariki alizikwa kulekule Scourmont, kwenye nyumba ya wamonaki, jambo ambalo halipatiwi kila profesa.

Hamira hiyo inafanya kazi kwenye joto, si kwenye baridi kama ile ya Primus na bia nyingine nyeupe za viwanda vikubwa. Kwenye joto hamira inazaa harufu nyingi. Kwenye baridi inafanya kazi polepole na kwa usafi, inaacha bia nyepesi ya kukata kiu. Hakuna iliyo mbaya. Saa nane ya mchana Uvira, jua likiwa utosini, Chimay ya bluu ni adhabu.

Kuna jambo lingine. Bia inapotiwa katika chupa, inatiwa tena na sukari kidogo na hamira hai, halafu chupa zinalazwa katika chumba chenye joto kwa majuma kadhaa. Inachemka mara ya pili, ndani ya chupa. Gesi inazaliwa mle mle. Ndiyo maana chini ya chupa mnabaki utope mwembamba, na ndiyo maana bia haifi siku inapofungwa. Chupa kubwa ya sentilita 75, ile wanaita Grande Réserve, imefungwa kwa kizibo na imeandikwa mwaka. Watu wanaitunza miaka mitano na zaidi, mahali penye giza na baridi kidogo. Ikizeeka, ukali unapungua, povu inapungua pia, na ladha inaelekea kwenye kakao na divai tamu ya Porto. Wengine wanaipenda zaidi hivyo. Wengine wanasema imepoteza maisha. Ni kweli kwamba chupa iliyozeeka vibaya, dukani, chini ya jua la vitrine, inaonja karatasi iliyolowana. Mwaka ulioandikwa hausaidii kitu kama mwenye duka hakujua kuitunza.

Tuje kwa swali linalosumbua wengi, hasa katika jimbo lenye makanisa yanayokataza pombe kabisa: mtu wa Mungu anauzaje alcool?

Jibu la wamonaki liko ndani ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata tangu karne nyingi: mmonaki anapaswa kuishi kwa kazi ya mikono yake, si kwa kuomba-omba. Mwaka 1850, wamonaki 17 kutoka Westvleteren walifika Scourmont, kwenye ardhi waliyopewa na mwana wa mfalme wa Chimay. Ardhi ilikuwa kavu, yenye mawe. Walilima, wakafuga ng’ombe, wakaanza bia mnamo 1862 na fromaji mnamo 1876. Hapo zamani bia kwa watu wa Ulaya ya kaskazini ilikuwa karibu chakula, na maji yake yamechemshwa, salama kuliko ya mto. Wamonaki wenyewe hawakunywa hiyo ya asilimia 9 kila siku. Ile ya dhahabu, nyepesi, ndiyo iliyopikwa kwa meza yao na kwa hoteli ndogo ya abasia, kabla ya kuuzwa nje.

Jibu hilo halimalizi mjadala, kwa sababu bia nyepesi ya mezani ni kitu kimoja na bia kali ya kuuza ni kingine. Na hapa historia iko na kichekesho chake. Mnamo 1919 Ubelgiji ulipitisha sheria ya kukataza pombe kali, aina ya lotoko yao, kuuzwa katika mikahawa. Mwenye sheria alikuwa waziri Émile Vandervelde, mpiganaji dhidi ya ulevi. Huyuhuyu ndiye wakili aliyefika Léopoldville mnamo 1909 kutetea wamisionari Waamerika walioshitakiwa na kampuni ya kaucho ya Kasai. Alitaka wafanyakazi waache kulewa. Wapikaji wakajibu kwa kuongeza nguvu ya bia. Ubelgiji ukajaa bia za asilimia 8, 9, hata zaidi, na baadhi ya zile zinazosifiwa leo dunia nzima zilikulia chini ya sheria hiyo.

Leo haifai kufikiri kwamba wazee wenye kanzu wanakoroga mapipa. Ni picha ya matangazo. Kazi nyingi inafanywa na walei walioajiriwa, na kutia katika chupa kunafanyika Baileux, kijiji kingine, kiwandani. Lakini bia yenyewe inapikwa ndani ya kuta za abasia, na wamonaki ndio wenye neno la mwisho.

Hayo ndiyo yanayolindwa na ile alama ndogo ya pembe sita kwenye chupa, iliyoandikwa Authentic Trappist Product. Inatolewa na muungano ulioanzishwa mnamo 1997 na abasia nane, sita kati yake za Ubelgiji. Kupata alama, kinywaji kinapaswa kutengenezwa ndani ya monasteri ao karibu yake, wamonaki wasimamie, na faida iende kwa mahitaji ya jumuiya na kwa misaada, si kwa tajiri wa mbali. Alama haisemi kwamba bia ni tamu. Ilionekana wazi Achel: mnamo 2021 wamonaki wa mwisho waliondoka, bia ikabaki ileile kwenye ulimi, na alama ikaondolewa. Leffe nayo, ambayo jina lake linatoka abasia ya Dinant, inapikwa Leuven na kampuni kubwa ya AB InBev kwa mapatano na abasia. Si uongo na si bia mbaya, lakini si ya Watrapisti.

Kwa watu wa Kivu, swali «pesa inakwenda wapi» liko karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1954 wamonaki wa Scourmont, wa nyumba hiyohiyo ya Chimay, walitumwa kuanzisha monasteri mpya Masisi, karibu na maziwa ya Mokoto. Notre-Dame de Mokoto ni binti wa Scourmont. Kwa lugha ya Watrapisti, hilo ni neno la sheria kabisa: nyumba mama inaangalia nyumba binti, abati wake anaitembelea, anaulizia hali yake. Mokoto hawakuwa watu wa bia. Walikuwa watu wa sala, shamba na ng’ombe. Na Masisi yote inajua fromaji, kazi ambayo wamisionari wa Ubelgiji ndio wanaotajwa kuileta.

Mokoto ilipita moto ambao Scourmont haikuupita. Mnamo mei 1996, watu waliokimbia vita ya Masisi na kujificha ndani ya monasteri walishambuliwa, wengi wakauawa. Wamonaki walilazimika kuondoka, na jumuiya ikapata kimbilio upande wa Goma. Mwaka uleule, kule Ubelgiji, wamonaki wa Scourmont walikuwa wakianzisha fondation Chimay-Wartoise, ya kuendeleza maisha ya vijiji vinavyozunguka Chimay kwa faida ya bia na fromaji. Ni nyumba mbili za familia moja, mwaka mmoja, na kila moja na hatima yake. Mwenye kuonja ile bia hawezi kusikia hayo ndani ya glasi, lakini ni sehemu ya habari yake.

Watrapisti wengine wa Ubelgiji wako na bia zisizofanana kabisa na hii. Orval ndiyo iko mbali zaidi: asilimia 6.2, chungu, kavu, na harufu ya ngozi na majani makavu, kwa sababu ya hamira ya pili ya porini wanayotia kusudi, ndugu wa zile za kasiksi. Mwenye kupenda utamu atatema. Rochefort 10 inafikia asilimia 11.3 na inapaswa kukunywewa kama dawa, kidogokidogo. Westvleteren, nyumba iliyozaa Scourmont, chupa zake kwa miaka mingi zilikuwa bila etiketi, kapsile tu, na wamonaki wanapika kiasi cha kutosha maisha yao na hawataki kuongeza, hata watu wapige foleni namna gani.

Kama Chimay ya bluu imefika mezani, kwa zawadi ya ndugu wa diaspora ao kwa duka la bidhaa za nje, iache isimame wima tangu jana yake ili utope ushuke. Ishirikiwe na wawili ao watatu. Chakula kinachoipokea vizuri ni kile chenye mafuta na chumvi: nyama ya mbuzi ya kuchoma, ao fromaji ya Masisi iliyokomaa kidogo, ambayo maziwa yake yanatuliza ule moto wa alcool, na bia nayo inaondoa mafuta kinywani. Mwenye mimba, mwenye kunywa dawa na mwenye kushika usukani waachie wengine.

Wakati wa kumimina, simama kabla ya kufika chini. Kile kidole kimoja kinachobaki kiko na utope wa hamira. Wengine wanakiacha ili glasi ibaki safi. Wengine wanakitikisa na kukimimina mwishoni. Bia inakuwa na wingu, ladha inageuka ya mkate na uchachu kidogo. Wababa waliokulia kwenye kasiksi kwa kawaida hawaulizi, wanatikisa tu.